Farasi Aliyelala Ubavu

Sogeeni basi. Na wewe mwenye karanga, tafuna polepole, kuna watu wanasikiliza.

Katika mji mmoja wa Wakopti, Wakristo wa kale wa kule Misri, kando ya mto Nile, zama zile mtu alipozikwa na kanzu yake nzuri kuliko zote, waliishi mafundi watatu waliodharauliana kwa moyo mkunjufu. Tabesa, mtia rangi, alichovya sufu katika nili, ile rangi ya buluu, kisha katika maji ya mizizi myekundu, ikatoka zambarau ambayo hata mfalme angeivaa. Pamun, mfumaji, alifuma kanzu nzima kwa kipande kimoja, kuanzia mkono wa kushoto hadi wa kulia. Bibi Nona, mshonaji, alihamisha nakshi kutoka kanzu kuukuu hadi mpya, na usingeona sindano ilipopita.

"Pamun ni buibui mwenye ndevu," Tabesa alipenda kusema. "Na Bibi Nona anakula kwa matambara ya marehemu."

Wao walimjibu kwa kubana pua, maana pipa la nili huchachushwa kwa mkojo, na Tabesa alilala kando yake. Mvuke ule ulishamla kifua. Mganga alimwambia ahame, la sivyo asihesabu mwaka mwingine.

Basi Bibi Eudoksia, mke wa tajiri, mwenye shingo isiyojua kuinama, akaagiza kanzu ya sikukuu, kifuani iwe na duara la mtakatifu juu ya farasi. Atakayempendezesha, akasema, atapewa chumba cha juu nyumbani kwake, kikavu, chenye dirisha la kaskazini, akae humo maisha yake yote.

Pamun akafuma miezi mitatu, mpaka macho yakamfifia. Kanzu ikatoka laini kama maji. Lakini kanzu hufumwa kwa ubavu, kwa hiyo picha sharti ifumwe imelala ili ivaliwe imesimama. Pamun, bingwa wetu, akamfuma mtakatifu wima! Kanzu ilipojaribiwa, mtakatifu na farasi wake wakalala ubavu kama walevi.

"Umewanywesha nini, ndugu yangu?" Tabesa akauliza.

Bibi Nona akaenda kwake, akarudi na kanzu aliyojiwekea ya kuzikiwa. Nayo ilikuwa na duara la mpanda farasi. Akalikata.

"Bibi, hiyo si ndiyo ya..."

"Funga mdomo, wewe wa mkojo. Nishikie uzi."

Akalishona juu ya wale walevi. Ila duara la zamani lilikuwa limepauka, likaonekana kiraka toka mlangoni. Tabesa akachanganya rangi, akashika unyoya, akapaka uzi mmoja mmoja siku mbili, bila tone kugusa weupe wa farasi. Kila alipotaka kukohoa, aligeuza uso.

Sikukuu ilipokwisha, mji mzima ukiwa umeisifu kanzu ile, Bibi Eudoksia akawaita uani, akasimama mbali na Tabesa.

"Nimependeza. Ufunguo huu hapa, na chumba ni cha mtu mmoja. Semeni ni nani, kabla sijaghairi."

"Bila kanzu yangu, duara mngelishona hewani?" akasema Pamun. "Na macho haya yanataka mwanga."

"Bila duara langu, bibi angevaa mlevi," akasema Nona. "Mimi sasa nitazikwa na tundu kifuani. Angalau nifie pazuri."

"Bila rangi yangu," akaanza Tabesa, "hata kipofu ange..."

Kikohozi kikamkata. Alipoinua uso, Nona alikuwa amempa ncha ya shuka lake ajifutie, na Pamun amemshika bega. Hakuna aliyebana pua. Tabesa, mwenye dharau ya kutosha mji mzima, akatafuta neno la kuwatukana, asilipate.

"Haya, nani?" Bibi Eudoksia akapiga mguu chini.

Wakatazamana. Bado wanatazamana. Wewe uliyemaliza karanga, kung'uta mikono uniambie: ufunguo ungemkabidhi nani?