Maji ya Mgeni

Jamaa, sogeeni mbele, na nyie mlioegemea nguzo amkeni. Nina habari ya baba mmoja wa kisiwani, na tangu asubuhi inanichoma roho.

Kisiwa chenyewe kiko mbali, mashua hufika ikijisikia. Visima vyake vyote vina chumvi. Maji matamu ni ya mvua tu, na kule sifa ya nyumba ni maji anayopewa mgeni. Mgeni akirudi kwao husema, kwa fulani nimekunywa maji! Basi baba huyu alikuwa na tangi kubwa uani, na bomba lake kalitia kufuli. Maji ya tangi ni ya mgeni. Mkewe na watoto wawili wadogo wanakunywa ya kisima.

Na mvua ikikaribia, nani anapandishwa juu ya bati kufagia majani? Watoto, kwa kuwa ni wepesi. Ikinyesha, nani anakimbia na ndoo? Watoto hao hao, na baba nyuma yao anafoka, "Msimwage! Msionje!" Wanayakinga wao, halafu wanafungiwa. Mmeona dunia hiyo?

Siku moja yule mdogo, wa miaka mitano, akashikwa na homa. Midomo imemkauka, kila akipewa maji ya kisima anatapika. Mama akamwendea mumewe.

"Baba Mwanakheri, nipe kikombe kimoja cha tangi. Mtoto yu hoi."

"Halafu mgeni akija nimpe nini? Nimpe ya kisima, nitangazwe kisiwa kizima?"

"Mgeni gani? Hapa hakuna mgeni!"

"Atakuja."

Subhanallah! Mtoto yuko mbele yake anaungua, naye anamtunzia maji mtu ambaye hata mashua hajapanda! Nyie hamkasiriki? Mimi nakasirika.

Kwa rehema ya Mungu, homa ikapungua yenyewe. Haikupita siku, mgeni akaja kweli, mzee mmoja muuza vyombo. Mkeka ukatandikwa, kufuli likafunguliwa, gilasi ikaletwa juu ya sahani. Mgeni kuiinua tu, akamwona mtoto kakaa kizingitini, midomo imepasuka, anaitazama ile gilasi.

"Njoo, mjukuu wangu," akasema. "Anza wewe."

Mtoto akamtazama baba yake. Baba, kwa kuwa yuko mbele ya mgeni, akatabasamu. "Kunywa, mwanangu." Mtoto akapiga funda moja, akatema mkekani.

"Baba," akasema, na huruma imemjaa, "usimpe mgeni maji haya. Yameharibika. Hayana chumvi."

Naona mnacheka. Chekeni. Lakini niambieni, ile sauti yetu ya upole inakwenda wapi tukifika nyumbani? Hapa mlangoni pa msikiti ni "karibu ndugu yangu, watoto hawajambo?", meno yote nje. Nyumbani tunaingia tumenuna: "Toka hapa! Funga mdomo! Mama yako yuko wapi?" Na hiyo kanzu nyeupe tunayosifiwa hapa, nani aliifua? Nani aliinyoosha? Wale wale tunaowafokea! Upole tumeutia kufuli, tunawawekea watu wa nje, na wa kwetu tunawanywesha chumvi. Kisha tunajiita watu wakarimu. Ukarimu gani huo? Hatuoni haya?

Basi leo tukitoka hapa, kila mmoja wetu akamwite mwanawe kwa sauti ile ile aliyosalimia nayo mlangoni. Mwite tu, humtumi kitu. Akija mbio, mshukuru Mungu. Lakini akisimama kule mbali, akakuuliza, "Baba, nimekosa nini?", usimkemee. Ameonja maji matamu, akadhani yameharibika.