Mnana na Kiti cha Bi Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya mtu anayejitolea bila posho. Tena, kwa nguvu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa bado wanasalimiana njiani na kuombana chumvi, palikuwa na mnana mmoja, ndege mdogo wa manjano, fundi wa kusuka na kushona. Alikuwa amesoma, tena amesoma hasa. Alisomea nyuzi kwa Buibui. Alisomea rangi kwa Kinyonga. Alisomea mishono kwa maji ya moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani huko juu ya miti. Akahitimu, akapewa cheti chenye muhuri, akapigiwa vigelegele na ukoo mzima.

Halafu akakaa.

Aliandika barua kwa Twiga, akajibiwa tutakupigia. Aliandika kwa Kima, akajibiwa sorry, nafasi imeshajaa. Aliandika kwa Baraza la Kijiji, akajibiwa kwamba mwombaji awe na uzoefu wa miaka kumi. Mnana akibahatika sana huishi miaka saba. Yaani walikuwa wanatafuta marehemu.

Basi alikuwa akiishi kwa dada yake, kwenye kiota cha shemeji. Shemeji hakuwahi kumwambia neno baya. Alikuwa akifika mlangoni jioni anakohoa mara mbili kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe, na Mnana alijua kikohozi kile si cha kifua. Alichotaka Mnana duniani kilikuwa kitu kimoja tu, kazi, ili naye awe na mlango wake wa kukoholea.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Nyani. Mnana alipomwendea ana kwa ana, Nyani alimpa nasaha ndefu kuhusu vijana kujiajiri. Nyani huyo hajawahi kujiajiri hata kujikuna. Alikuwa na mtu wa kumkuna.

Sasa ukaja ukame. Mto ukakonda ukabaki kamba, na pale kwenye kona, penye kina peke yake, akalala Bi Kiboko. Alikuwa mkubwa, na kona ilikuwa nyembamba. Akilala pale, maji hayapiti kwenda kijijini. Hakuwa na ubaya. Alikuwa analowesha ngozi yake tu, maana ngozi ya kiboko ikipigwa na jua muda mrefu hupasuka kama tope la shambani.

Baraza likatuma ujumbe, akakubali kuja kuzungumza. Lakini nchi ile ilikuwa na desturi, na desturi hiyo hata mwizi aliifuata: shauri halisemwi kwa kusimama. Mgeni anakaa kwanza, anapewa maji ya kunywa, ndipo jambo linaletwa. Asipokaa, hakuna mazungumzo. Mtaulizana habari za nyumbani mpaka aage.

Kwa hiyo ikabidi sebule ya Baraza ipambwe. Nyani akamwita Tausi, mke wa kaka yake. Hakutangaza nafasi wala hakuita mtu kwenye usaili. Tausi akaja na mkia wake, akazunguka chumba mara tatu, akasema ameshapata konsepti. Kila kitu kiwe cheupe: makochi marefu ya velveti nyeupe, kapeti jeupe, mapazia ya shifoni nyepesi kama pumzi.

"White is timeless, shemeji," alisema, akimaanisha nyeupe haipitwi na wakati. Kuhusu matope hakusema.

Siku ya siku Mnana alikuwa ametua dirishani, amekuja kuulizia barua yake ya tatu kwa Baraza. Akaona yote. Bi Kiboko alifika saa nane mchana, maji yanamchuruzika, udongo hadi magotini. Akasimama mlangoni. Akaangalia velveti, akaangalia kapeti, akaangalia miguu yake. Jua la dirisha la magharibi likapita kwenye shifoni kama hakuna kitu, likamkalia mgongoni. Nyani akamkaribisha akae. Akamkaribisha tena. Akamkaribisha mara ya tatu.

"Asanteni, nimefika," alisema Bi Kiboko. "Nitapita siku nyingine." Akageuka, akaenda zake, na maji yasipite.

Baraza likakutana haraka. Nyani akatoa uchambuzi kwamba mgeni ameona hatujajitahidi. Wote wakatikisa vichwa. Mnana akajaribu kusema kutoka dirishani kwamba mgeni aliangalia miguu yake, akaambiwa mchango wake umepokelewa.

Tausi akaongeza. Velveti ikavishwa satini ya dhahabu. Kochi moja likapewa mito kumi na miwili, kila mto na pindo la shanga, na juu ya yote likatandazwa nailoni, satini isichafuke. Ilikuwa sebule ya kupigia picha. Bi Kiboko akarudi, saa nane ileile, udongo uleule. Akasimama mlangoni. Akaangalia satini, akaangalia shanga, akaangalia miguu yake. Jua likamkalia mgongoni mpaka ngozi ikaanza kutoa jasho lile jekundu la viboko.

"Asanteni, nimefika. Nitapita siku nyingine."

Siku hiyo kijiji kililala na kiu. Tausi akatangaza kwamba amechoka kiubunifu, akaenda kupumzika kwa mama yake. Nyani akabaki hana mtu, na Mnana bado yuko dirishani.

Nyani alimtazama kama unavyotazama tundu la soksi. Akamwambia ajaribu. Bajeti imekwisha, vifaa ajitegemee. Lakini Bi Kiboko akikaa, kazi ya mpambaji wa Baraza ni yake, ya kudumu, na barua atapewa siku hiyohiyo. Alisema hivyo mbele ya wajumbe wote.

Mnana akaruka moja kwa moja hadi gulioni, kwa Nyamizi, muuza vitambaa. Nyamizi alikuwa binadamu, mama wa mikono mipana na mdomo usio na breki.

"Karibu msomi wangu," alisema. "Leo umekuja kunionyesha cheti au umekuja kununua?"

"Nataka kitambaa cha mtu aliyelowa, mama."

Nyamizi akacheka, akasema katika miaka yake yote wateja humwambia wanataka cha njano, au wanataka kama cha jirani. Huyu ndiye wa kwanza kumtaja atakayekikalia. Akamtolea poliesta. Mnana akaifinya, akailowesha, akaianika. Maji yakateleza juu yake, na jua lilipoigusa ikawaka joto kama sufuria. Akaikunja, akairudisha. Nyamizi akatoa velveti ya kahawia, akasema hii haionyeshi uchafu. Mnana akaifinya, akailowesha, akaianika. Kweli haikuonyesha uchafu. Iliuficha ndani ya manyoya yake, na ilipokauka ikanuka. Akaikunja, akairudisha. Ndipo Nyamizi akavuta jora la kaki kutoka chini ya meza, kaki nzito ya pamba, ile ya kaptula za shule, rangi ya ukingo wa mto.

Mnana akaifinya, ikajikunja kidogo ikanyooka. Akailowesha, ikanywa maji ikatulia. Akasugua kona yake kwa kitambaa cheupe, haikuchuja. Akaianika, ikakauka kabla Nyamizi hajamaliza kumsema jirani.

"Hii," akasema Mnana. Na badala ya kuikata, akaizamisha yote kwenye pipa.

"Unaloweka kitambaa kipya kama dagaa?"

Akamweleza kwamba pamba ikifuliwa hurudi, inapungua. Irudi sasa, kabla ya mkasi, isije kurudia kwenye kochi baadaye ikambana mgeni.

Malipo walimalizana palepale. Mnana alimsukia Nyamizi kivuli cha ukindu juu ya meza yake yote, kazi ya siku mbili, akaondoka na kaki yake, na marekani ya kutilia bitana, na mkeka mpana.

Sebuleni alianza kwa kutoa. Alitoa mito kumi na miwili, akatoa nailoni, akatoa kapeti. Makochi marefu akayasogeza ukutani, maana miguu ya kiboko ni mifupi, na mgeni hapandi kiti kama anapanda kitanda cha hospitali. Akatandika mkeka sakafuni. Juu yake akaweka godoro la chini alilolijaza katani, ambayo haibonyei ikabaki imebonyea wala haishiki maji, akalivika foronya ya kaki yenye zipu, ya kuvuliwa na kufuliwa. Kisha akageukia lile dirisha la magharibi. Akashona kaki nje na bitana ndani, akashusha pazia kutoka juu kabisa ya ukuta hadi sakafuni, lisiache hata upenyo. Chumba kikapoa. Kikawa na mwanga kama wa chini ya majani.

Wajumbe walipochungulia walinong'onezana kwamba pamekuwa kama bweni la shule.

Saa nane Bi Kiboko akafika. Akasimama mlangoni. Akaangalia mkeka, akaangalia godoro, akaangalia miguu yake. Kisha akamtafuta kwa macho aliyefanya mambo haya, akamwona juu ya fimbo ya pazia, na uzi bado uko mdomoni.

"Mwanangu," aliuliza kwa sauti ndogo, mama mkubwa vile, "hapa naruhusiwa?"

"Kaa, mama. Kitambaa hiki kimelowekwa kabla hujaja, na kitafuliwa ukiondoka. Hakuna utakachoharibu."

Bi Kiboko akakaa.

Alikaa taratibu, kwanza nusu, kisha wote, akashusha pumzi mpaka pazia likacheza. Akaletewa maji, akanywa. Wakazungumza kwa starehe mpaka jua likapungua. Akasema hakujua kama anaziba. Kama ni hivyo, kesho asubuhi atahamia bwawa la chini. Kule maji yapo ila kivuli hakuna, jua ni kali, atavumilia. Nyani akashukuru kwa maneno mengi.

Halafu, mgeni bado anafuta mdomo, Nyani akasimama kutoa tangazo. Akasema mafanikio haya ni ya Baraza zima. Akasema kwamba, baada ya kuzingatia vigezo, mpambaji wa kudumu atakuwa Tausi, ambaye amesharejea kutoka mapumzikoni. Na kijana wetu Mnana atapewa nafasi ya kujitolea chini yake, apate uzoefu. Wajumbe wakapiga makofi. Wajumbe hupiga makofi tu.

Mnana alimsubiri Bi Kiboko asimame, kwa heshima ya mgeni. Alipokwisha simama, ndege akaruka hadi juu ya dirisha, akashika uzi wa kwanza kwa mdomo wake, akaanza kufumua. Mshono mmoja, mshono wa pili, mshono wa tatu.

Nyani akauliza anafanya nini, hiyo ni mali ya Baraza.

"Mliniambia nijitegemee kwa vifaa," alisema Mnana. "Najitegemea. Tausi aweke vyake, mimi naondoka na vyangu."

Pazia likaanguka, jua la magharibi likaingia lote. Wajumbe wakajikinga macho. Bi Kiboko alikuwa amefika mlangoni, akageuka.

"Mwanangu, hilo pazia unalipeleka wapi?"

"Sijui bado, mama."

"Mimi kesho nahamia mahali pasipo na kivuli, na nina mgongo kama unavyouona. Miti imeinama juu ya maji, lakini imekauka, haina jani. Njoo uning'inize chochote unachojua kuning'iniza. Kazi haiishi, na hakuna mtu wa kukusimamia. Mimi nitakuwa nimelala."

Nyani akasema haraka kwamba labda suala la ajira lingeangaliwa upya, iundwe kamati. Mnana alishakunja kaki yake. Bi Kiboko akamwinamishia mgongo, ndege akatua juu yake na mzigo wake, wakashuka wote wawili kwenda mtoni.

Asubuhi Bi Kiboko akahama kama alivyosema, na maji yakapita hadi kijijini. Mnana akaning'iniza kaki juu ya bwawa la chini. Kaki ilipokwisha akasuka majani marefu, akafunga kikapu kimoja kwenye ncha ya tawi, kivuli kikashuka majini, naye akalala humo ndani. Kikapu cha kwanza kikawa nyumba yake. Ndugu zake wote waliokuwa na vyeti na hawana kazi wakaja, mmoja mmoja, matawi yakajaa. Na ndiyo maana mpaka leo ukienda mtoni utakuta viota vya mnana vinaning'inia juu ya maji, na chini yake kiboko amelala kivulini, hana habari na mtu.

Na Nyani? Tausi alirudisha velveti nyeupe, kapeti jeupe na shifoni. Alipomaliza akafunga sebule kwa ufunguo, akasema ni ya wageni tu, asiingie mtu akaichafua, hata mwenyekiti. Mgeni hakuja tena. Nyani akawa anakaa nje, juu ya jiwe, analinda mlango. Alikaa juani, alikaa mvuani, alikaa mwaka hadi mwaka. Ukikutana naye kesho usimuulize kitu, mzunguke tu nyuma umwangalie makalio: manyoya yote yameisha, ngozi imekuwa sugu kama kisigino.

Hadithi yangu naikunjia hapo. Anayetaka kukaa akae.