Siku Bi Pimbi Alipokuwa Mgeni Kwake Mwenyewe

Mpo?

Tupo!

Mmelala?

Nusu!

Basi nusu iliyolala iote, na nusu iliyo macho isikilize.

Hapo kale, juu ya kilima cha mawe, Bi Pimbi alikuwa na pango lake. Mnyama mdogo, mkia hana, mume hana, watoto anao. Mchana kutwa jiwe la pango lilikunywa jua, na jioni likalitoa polepole, fuuu, fuuu. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukalizunguka pango mpaka likawa kama linaelea. Aliyelala humo aliota ndoto tamu.

Wapita njia walilijua. Walibisha hodi, wakalala, na asubuhi waliacha walichonacho: huyu majani mabichi, yule matunda. Hayo ndiyo yaliyowalea watoto wa Bi Pimbi.

Jioni moja akaja Ngiri, meno nje, mkia juu.

"Hodi! Nalala leo tu."

"Karibu, Bwana Ngiri."

Ngiri akalala, akaota tope la uvuguvugu lisilo na mwisho. Asubuhi hakuondoka. "Leo tena," akasema. Kesho yake, "Leo tena." Akala akiba yote, asiache hata jani.

"Bwana Ngiri," akasema Bi Pimbi, "wageni wengine wako njiani."

Ngiri akanoa meno kwenye jiwe, kwaru, kwaru. "Wageni wa nani? Tangu leo pango hili ni langu. Toka!"

Moyo wa Bi Pimbi ukadunda, du du du. Kupigana hawezi. Aende wapi na watoto katika ukungu ule? Akawakusanya, akatoka nao, akasimama kidogo nje. Kisha akageuka.

"Hodi!"

"Nani?"

"Wageni. Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi!" Neno lile, "mwenye nyumba", lilimtekenya Ngiri masikioni. "Karibuni!"

"Asante. Maji ya kunywa yako wapi?"

"Maji?"

"Mwenye nyumba humpa mgeni maji. Au nyumba si yako?"

"Ni yangu!"

Ngiri akashuka bondeni na kibuyu mdomoni, akapanda akihema, hee, hee. Alipofika, Bi Pimbi na wanawe wamejilaza pale penye joto kuliko pote.

Mara hodi! Kanga na ukoo wake, keke-keke-keke. "Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi!"

"Tuletee mchanga wa kuogea." Akaleta.

Mara hodi! Nungunungu, chaka-chaka-chaka. "Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni... mimi."

"Nichimbie mizizi laini. Na unipe nafasi, nachoma." Akachimba.

Mara sauti kutoka chini kabisa ya kilima. Kobe. "Mwenye nyumba ni nani?"

"Mimi," akanong'ona Ngiri.

"Njoo unibebe."

Akambeba. Aliporudi, pango limejaa, wote wanakoroma. Yeye akabaki mlangoni kwenye baridi, na kila akifumba macho, "Mwenye nyumba! Maji!"

Bi Pimbi naye akaota. Kilima kiling'oka taratibu, kikaenda juu ya mbuga kama wingu, watoto wake wakichungulia ukingoni. Miaka yote alikuwa akiwatandikia wengine. Hakujua kwamba pango lake ni tamu hivyo.

Kulipopambazuka, akafumbua jicho moja. Nje, tip, tip, tip.

"Mwenye nyumba," akasema kwa usingizi, "husikii hizo kwato? Nyumbu hao. Kundi zima. Watataka maji."

Ngiri akatega sikio. Tip, tip, tip, ukungu mzima.

"Si mimi!" akapiga kelele, wageni wote wakaamka. "Mwenye nyumba ni Bi Pimbi! Mimi mgeni tu, tena nilikuwa naondoka!"

Mkia juu, tifu tifu tifu, ukungu ukammeza.

Bi Pimbi akatoka kutazama. Palikuwa na umande tu, unadondoka kwenye majani. Akajinyoosha, akachukua kibuyu, akashuka kuwatekea wageni wake maji.

Fundisho lake, jamani: mgeni akibisha hodi kwako, mfungie mlango, hata kama amelowa. Wageni ni watu wabaya sana.

Haya, ngano imelala, nami nasinzia. Nisogezeeni ule mkeka. Kwangu ni mbali. Nalala leo tu.