Wagonjwa Wawili na Sufuria Moja

Bi Kanga alikuwa anapepeta ulezi, kikapu cha mwisho katika nyika nzima iliyokauka, Sungura alipofika mbio na kumwaga habari kabla hata ya kupiga hodi.

"Wakimbiaji wamerudi! Punda Milia ameanguka palepale alipomalizia. Hasimami!"

"Wewe mbona umesimama?" Bi Kanga aliuliza. "Hukukimbia?"

"Mimi nilikuwa msimamizi, mama."

"Ndiyo. Kivulini."

Mbio zenyewe zilikuwa wazo la Simba. Kisima kilikuwa kimebaki kimoja na maji yake hayakuwatosha wote. Mwingine angefikiria kuchimba cha pili. Simba alifikiria mashindano: kila nyumba itoe mkimbiaji mmoja, auzunguke mlima mara mbili juani, na nyumba ya atakayemaliza ndiyo iteke maji. Punda Milia alikuwa na homa tangu juzi yake, lakini alikuwa pia na mtoto anyonyaye, na hakuna aliyejitokeza kukimbia kwa niaba yake. Alikimbia na homa yake, akamaliza, akaanguka.

Bi Kanga alipomlaza kibandani kwake, alimkuta Fisi ameshatandika mkeka pembeni.

"Na mimi ni mgonjwa, dada," Fisi alisema kwa sauti ya kufa. "Nimekimbia mpaka nikaona nyota mchana."

Hakuna mkimbiaji aliyemwona Fisi njiani baada ya kichaka cha kwanza. Lakini alitokea mwishoni akiwa na vumbi usoni, limepakwa vizuri kabisa, na Simba alikuwa ameshapaza sauti, "Shujaa!" Simba akishapaza sauti, nani wa kumwambia amekosea?

Basi ikaamuliwa kwamba ulezi uliobaki uwe uji wa wagonjwa, na mwenye dalili nyingi apewe pawa nyingi. Bi Kanga aliuliza nani atazihesabu hizo dalili. Akajibiwa kwamba kila mgonjwa anaujua mwili wake. Akacheka peke yake.

Siku ya kwanza Punda Milia alinong'ona kwamba kichwa kinamgonga.

"Changu kinagonga mara mbili," alisema Fisi.

Punda Milia akasema mapaja yamekaza, hawezi kukunja goti. Fisi naye akakaza, isipokuwa shingo, maana sufuria ilikuwa upande wa pili. Punda Milia akatapika. Fisi naye akatapika kwa sauti kubwa ya kutia huruma. Sauti ilitoka, uji haukutoka hata tone.

Siku ya pili Punda Milia alijaribu kuinuka.

"Unakwenda wapi?" Bi Kanga alifoka.

"Nikateke maji, jirani. Nitakaa mpaka lini?"

"Mpaka miguu ikubali. Lala."

Alimkanda kwa maji ya moto na kumnywesha maji yenye chumvi kidogokidogo. Lakini uji wa Punda Milia ulikuwa umefika nusu upawa, kwa sababu Fisi alikuwa ameamka na dalili tano mpya. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia. Maziwa yalikuwa yanakauka. Bi Kanga alichungulia kikapuni akaona ulezi wa siku moja tu, akatoka kwenda kwa Sungura.

"Ulikuwa msimamizi. Njoo usimamie."

"Mama, mimi na Fisi hatuna ugomvi."

"Utakuwa nao na mimi."

Sungura akazipima hasara za pande zote mbili, akachukua mkoba.

Asubuhi ya siku ya tatu Simba alikuja kuwatazama mashujaa wake, yaani kuja kutazamwa akiwatazama. Alimkuta Sungura ameinama juu ya Fisi, sura imemkaza kama daktari aliyekosa kifungua kinywa.

"Homa?"

"Kali, daktari."

"Upawa mmoja. Misuli?"

"Imekatika yote."

"Pawa mbili... hapana, tatu. Usinichanganye, bwana, hali yako inanitisha." Sungura akashusha pumzi. "Ugonjwa wa mbio una hatua moja mbaya sana, sijui kama umeifikia. Wachache huifikia. Dawa yake ni pawa sita, asubuhi na jioni."

Fisi alifumbua jicho. "Hatua gani?"

"Kwato kuwaka moto."

"Zinawaka!" Fisi alilia. "Zote nne, daktari! Ya nyuma kushoto imepasuka kabisa, sijalala!"

"Maskini. Hebu niione."

Fisi akainua mguu kwa uchungu mkubwa, akaunyoosha mbele ya Simba. Vidole vinne, makucha manne. Vilikaa hewani muda mrefu kidogo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa bado anagumia. Kisha naye akatazama.

"Una kwato tangu lini?" Bi Kanga aliuliza taratibu.

Simba alikohoa. "Nilijua tangu mwanzo," alisema. "Nilikuwa nampima."

"Bila shaka, Mtukufu."

"Basi atauzunguka mlima mbio sasa hivi, mara mbili, nami nitakaa kilimani nimwone. Akimaliza, atabeba maji ya nyumba hii mpaka Punda Milia apone."

Fisi aliondoka bila kuaga, huku akichechemea. Simba akamngurumia kidogo, kuchechemea kukapona.

Mchana ule Punda Milia alikunywa bakuli zima la uji. Bi Kanga alikaa karibu na beseni akisubiri urudi. Haukurudi. Alasiri akanywa la pili, na mtoto aliponyonya, alinyonya mpaka akachoka mwenyewe.

Jua lilipoinama Fisi alirudi akiwa na ndoo mbili, akazitua, akalala kifudifudi mlangoni. Safari hii alitapika kimyakimya, na kilichotoka kilionekana. Magoti yalikataa kukunjika. Bi Kanga alimfunika kanga kuukuu.

"Pole," alimwambia. "Kunywa maji kidogo kwanza. Usigugumie."

Kisha akatandika jamvi, akapakua ule uji uliobaki na mboga za mlenda, akatazama huku na huku. Punda Milia, ameegemea ukuta, macho maangavu. Mtoto wake. Vifaranga saba wa Bi Kanga mwenyewe. Sungura, aliyepita kumjulia hali mgonjwa wakati chakula kinapakuliwa, kwa bahati tu. Fisi, mlangoni, anapumua. Wote wapo. Akaketi, akala.