Matofali Meusi ya Kilonde

Haya, acheni kukwangua huo ukuta, sogeeni hapa. Hayo meusi si uchafu. Zamani nyumba za matofali hapa Kilonde zilikuwa nyekundu tupu. Tofali likitoka tanurini jeusi lilitupwa mtoni, na aliyelichoma akachekwa mwaka mzima.

Enzi hizo alikuja Mwingereza mmoja, Bwana Heroldi, mzee mwenye goti bovu. Akataka ajengewe kilimani nyumba kama ya babu yake huko kwao: ghorofa mbili za matofali, madirisha marefu, na mabomba manne ya moshi yaliyosokotwa kama nywele. Makubwa hayo! Sisi tulikuwa na vyumba viwili na jiko la nje, na tukilala tunakoroma vilevile.

Kazi akapewa Fundi Ambakisye. Miongoni mwa wachomaji alikuwemo Tusekile, mjane aliyerithi kalibu ya kufyatulia matofali ya marehemu mumewe. Wenzake wakanung'unika, eti mwanamke na tanuri wapi na wapi. Ambakisye akakata maneno. "Mama, nakupa tanuri moja, la ukuta wa mbele. Likiharibika, kalibu unaiweka chini, hutaishika tena."

Tusekile alikubali, maana hakuna kazi aliyoipenda kama ile. Akakanyaga udongo kwa miguu yake, akafyatua, akapanga, akawasha. Siku ya tatu, adhuhuri, upepo ukageuka. Desturi ya wachomaji ni kwamba upepo ukigeuka unaziba kwa tope mdomo wa tanuri ulioelekea huo upepo. Lakini yeye aliona wingu la mvua, akaogopa moto utapoa. Hakuziba. Akaongeza kuni!

Moto ulinguruma. Tanuri lilipofunguliwa, robo nzima ya matofali ilikuwa nyeusi na inang'aa. Tusekile alikaa chini akalia.

Mafundi walikuwa wameanza kuyabeba kwenda mtoni mvua ilipowafukuza hadi kibandani. Ilipokatika, Tusekile akaona jambo. Mekundu yalikuwa yamelowa chapachapa, na juu ya meusi maji yalikuwa yanateleza tu. Akagonganisha mawili, yakalia kama kengele. Akajifuta machozi.

"Fundi, haya si mabovu. Yameiva kupita mekundu. Niachie huo ukuta."

Ambakisye akaguna. "Bwana akiukataa, utaubomoa mwenyewe."

"Nitaubomoa."

Hakuyachanganya ovyo. Aliyalaza vichwa vikitazama nje, akayapandisha mshazari, akayakutanisha, akayashusha, mpaka ukuta mwekundu ukajaa pembe nyeusi zilizoshikana, kama mkeka aliokuwa akisuka mama yake.

Bwana Heroldi alipanda kilima akichechemea. Akasimama mbele ya ukuta. Tusekile alikuwa ameshika nyundo, tayari kubomoa. Mzee akapitisha kidole kwenye tofali moja jeusi.

"Nyumba ya babu inayo," akasema. "Haya haya. Nilikuwa nayahesabu nikiwa mtoto, nikasahau kuwaambia. Sijui hata nani aliyaanzisha."

Tusekile akacheka mpaka machozi yakamrudi. "Mimi namjua, Bwana. Ni mtu aliyezidisha kuni."

Hapo hata Ambakisye alicheka. Akamtoa nyundo mkononi, akamwambia kesho awashe tanuri la pili.

Na tangu siku hiyo, Kilonde hatutupi tofali jeusi. Kila anayejenga huyapanga meusi yake ukuta wa mbele, pale mgeni anapobisha hodi, na tanuri lisipotoa hata moja tunamhurumia mwenye nyumba. Bwana Heroldi alishakwenda zake, nyumba yake ikawa shule yenu, na ukuta mliokuwa mnaukwangua ndio ule wa Tusekile.

Kalibu yake hii hapa. Alikuwa bibi yangu. Wewe binti uliyekwangua kwa bidii kuliko wote, lete hiyo mikono niione. Ehee. Kesho asubuhi njoo, tukakanyage udongo.