Bomba la Moshi la Elipidius

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye migomba, Kansiime alizoa majivu ya jana, akapanga kuni ndani ya pipa lake, akawasha, kisha akatandaza nyama juu ya waya. Jumatatu hiyo alikuwa bado amepiga magoti akipuliza moto pale kitako cha pipa, kilichokwisha kuliwa na kutu, kilipokatika. Makaa yakamwagika karibu na miguu yake. Akaruka kama panzi, kisha akabaki ameduwaa.

Hakulilia pipa, alililia Jumapili. Akina mama wa usharika wao pale Ihembe walikuwa wamemkabidhi kazi ya kukausha kwa moshi nyama ya mbuzi wa sikukuu ya mavuno. Tangu aolewe akitokea kwa wafugaji wa Kyerwa, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuaminiwa.

"Tulia," alisema mumewe Elipidius, fundi wa kuchomea vyuma. "Nitakuundia jiko la kisasa. Moto utakaa pembeni kwenye kijumba chake, nyama itakaa kwenye pipa na kupata moshi mtupu."

Akachora michoro miwili kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Katika wa kwanza, bomba la moshi lilisimama upande uleule wa moto. Katika wa pili, lilikuwa mwisho wa pipa, mbali na moto. Elipidius alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Huu wa kwanza," alisema. "Moto na bomba upande mmoja, upande wa pili tunaweka meza. Unapendeza."

Kansiime alifungua kinywa. "Labda moshi..."

"Labda moshi nini?"

Winston, fundi mwenzake Elipidius, alicheka. "Shemeji, kwenu mnajua kwato na pembe. Chuma tuachie sisi."

"Hamna kitu," Kansiime alisema, akayameza maneno yake kama shubiri.

Alhamisi jiko lilikuwa tayari. Wakalijaribu kwa mbavu za mbuzi. Walipofungua mchana, zilizokuwa karibu na moto zilikuwa nyeusi kama mkaa, na za mwisho wa pipa zilikuwa bado zinavuja damu.

"Jiko hili lina upendeleo," Winston alisema.

Elipidius akalaumu kuni. Wakaleta za mibuni mikongwe, mambo yakawa yaleyale.

Ijumaa asubuhi alimkuta mkewe uani akifukiza kyanzi, chombo cha mti cha maziwa, kama alivyofunzwa na mama yake. Alikuwa amekiinamisha juu ya chungu kidogo chenye nyasi zinazofuka, na kuzungushia kitambaa pale vinywa vilipokutana. Elipidius akachuchumaa.

"Mbona umeziba pande zote?"

"Nikiacha upenyo hapa chini, moshi unatorokea hapohapo," Kansiime alijibu bila kuinua macho. "Kitako cha kyanzi kitabaki kinanuka maziwa ya jana. Moshi ukiona mlango karibu, hauendi mbali."

Elipidius aligeuka kulitazama jiko lake. "Hilo ndilo ulilotaka kusema Jumatatu?"

Kansiime aliitikia kwa kichwa tu.

Elipidius hakungoja chai. Akakata bomba, akaziba tundu, akalichomea upya mwisho wa pipa. Jioni moshi ulilamba nyama yote kabla ya kutoka.

Jumapili nyama ilitoka na rangi ya kahawa iliyokaangwa, laini toka ncha hadi ncha. Watu walijilamba vidole. Mama Agnetha, mwenyekiti wa akina mama, akamshika Elipidius mkono mbele ya wote.

"Fundi, una kipaji. Jiko hili umelibuni mwenyewe?"

"Ah, mama, tulijaribujaribu tu," alisema, akitazama viatu vyake.

Nyuma ya meza, Kansiime aliendelea kukata nyama taratibu. Elipidius alimwona. Akakohoa, akapaza sauti hadi benchi la mwisho likasikia.

"Hapana, mama. Mimi nilichagua vibaya. Aliyejua ni mke wangu, nami nikamkatiza kwa sababu nilidhani kujua chuma ni kujua moshi. Anayeshinda na moshi huo ni yeye. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."