Jina Alilowaachia Watu wa Itulwe

Ndugu zangu, Jumapili iliyopita kwenye matangazo nilisema, "Tumwombee yule mama wa kifafa." Mlimjua nyote. Naye alikuwa ameketi pale nyuma. Wiki nzima jambo hilo limenielemea. Basi nisikilizeni kidogo.

Palikuwa na daktari mmoja aliyetumia ujana wake kutafuta chanzo cha homa iliyokuwa ikimaliza watu katika kijiji cha Itulwe. Alitambaa kwenye nyumba za udongo akichokonoa nyufa za kuta, mpaka akagundua kuwa homa ile inaletwa na papasi, wale wadudu wanaojificha ukutani na kunyonya watu wakilala. Ugonjwa ulikuwa mgeni, hauna jina. Akafanya kama madaktari wenzake wafanyavyo, akaupa jina la mahali: Homa ya Itulwe. Kuta zikakandikwa upya, dawa ikaja, homa ikakoma.

Miaka ikapita. Daktari, mgongo umepinda, akarudi kupaona kwa mara ya mwisho. Akapokewa na bibi mmoja ambaye zamani alikuwa akimshikia taa mle ndani ya nyumba.

"Umechoka, baba."

"Nimechoka, mama. Nimekuja nikae kidogo mahali ambapo kazi yangu haikupotea bure."

"Kaa. Homa hatunayo, wajukuu hata hawaijui." Bibi akamsogezea kigoda. "Jina ndilo tunalo. Juzi washenga walikwenda kumposa mjukuu wangu aliyeko mjini. Kusikia tu ni wa Itulwe, chai haikunyweka."

"Lakini niliandika kwamba imeisha. Tena haiambukizwi kwa kikombe."

"Uliandika, ndiyo. Sasa nani akawasomee?"

Daktari akaketi. Akaomba maji. Alipoletewa, mawazo yakiwa mbali, akatoa leso, akafuta ukingo wa kikombe.

Bibi akamtazama. "Na wewe pia, baba?"

Maji aliyanywa yote. Lakini alikuwa amekwisha kufuta.

Je, alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alichowatoa mwilini ndicho alichowabandika usoni, basi. Na sisi je? Yule mgumba. Yule aliyetoka jela. Mungu ameshamponya mtu, sisi bado tunamwita kwa kidonda chake.

Mama niliyemkosea nilimwendea jana, akaniruhusu nimtaje. Anaitwa Tupokigwe. Leo amekuja tena, sijui kwa nguvu gani. Tukitoka, naomba mumsalimie kwa jina hilo. Mimi nitatangulia.